Vigingi Ndani ya Shanta

Kigingi cha hema ni kitu kidogo katika mzigo wa msafiri, lakini mzigo unapotuliwa ndicho kinachotafutwa mwanzo. Ndiyo maana ufundi wa kuvifunga vigingi hupimwa jioni, kambini, giza linapoingia na upepo umeshaanza. Aliyevifunga vema huvipata kwa kupapasa.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika umeujua ufundi huu tangu zamani za misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuvuka mto Malagarasi hadi Ujiji, kando ya ziwa. Wasafiri wa Ulaya Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, Stanley mwaka 1871, na mahema yao yalibebwa na watu. Mpagazi alichukua kama frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi. Wanyamwezi wengi waliuweka mzigo begani, watu wa pwani kichwani juu ya kata. Kwa bega au kichwa chenye mzigo huo, kigingi kinachochomoza ni kidonda kabla ya safari kufika nusu. Tena wapagazi wenyewe kwa kawaida walilala katika vibanda vya nyasi, si hemani. Walitunza vigingi vya usingizi wa wengine, na sifa ya kazi hiyo ni yao.

Enzi hizo kigingi kikipotea, tawi gumu lilichongwa porini. Leo hali ni tofauti. Gombe, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960 akiishi hemani kando ya ziwa, ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Mahale tangu 1985. Miti ya hifadhini haikatwi, kwa hiyo kila kigingi hutoka nyumbani na hurudi nyumbani.

Kazi huanza wakati wa kung'oa. Kigingi huchomolewa kwa kuvutwa kufuata mwelekeo kilioingilia, si kwa kutikiswa kwa mguu mpaka kipinde. Kisha hufutwa udongo na kuhesabiwa. Kuhesabu kunastahili subira kuliko hatua nyingine yoyote, kwa sababu kilichobaki mchangani hakionekani tena shanta likishafungwa.

Baada ya hapo vigingi hulazwa kwa kupishana, kichwa cha kimoja kando ya ncha ya kingine, ili fungu liwe nyoofu na vigingi visigongane. Huviringishwa katika kipande cha turubai, ncha zikikunjiwa ndani, na kukazwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ule ule unaofunga mizigo kwenye keria. Mpira huu ni bora kuliko kamba: hauhitaji fundo, hivyo hufunguka hata vidole vikiwa na baridi.

Mahali pa fungu hutegemea uzito. Kigingi cha sentimita 30 kilichokatwa kwenye nondo ya milimita 10 kina gramu 185 hivi. Vigingi 12 vinapita kilo 2. Fungu la namna hiyo hukaa wima karibu na mgongo, maana uzito ulio mbali na mgongo humvuta mbebaji nyuma kwenye miinuko kama ya mlima Nkungwe wa Mahale wenye mita 2,462. Vya alumini, vyenye theluthi ya uzito huo kwa ukubwa ule ule, vyaweza kukaa mfuko wa pembeni. Ndani ya hema lililokunjwa havifai kamwe: ncha hutoboa kitambaa, na tundu hugunduliwa mvua ikinyesha. Chini kabisa ya shanta pia hapafai, hasa kwa anayekwenda Mahale kwa boti, kwani maji hujikusanya sakafuni na shanta hulowa kuanzia chini.

Safari ikiisha, fungu hufunguliwa siku hiyo hiyo. Vya chuma hukaushwa na kupakwa mafuta kidogo. Maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari ya Bagamoyo, lakini turubai lenye unyevu hutia kutu vilevile. Vilivyopinda hunyooshwa kwa nyundo juu ya gogo, na vyote huning'inizwa mahali pakavu, idadi yake ikiwa imeandikwa kwenye turubai.