Jicho la Tingatinga kwenye Vibanda vya Diani

Ukishuka kutoka njia panda ya Ukunda na kufuata barabara ya ufuo wa Diani kuelekea Galu, utakuta vibanda vya vinyago na picha ambayo haikosi: gari la safari limejaa tembo, twiga na simba, na nyani kashika usukani. Mtalii hucheka, kisha huuliza bei. Mimi naulizia ufundi: kicheko hicho kimetengenezwa vipi?

Wazungu walikuwa na njia yao. Mwingereza Louis Wain (1860–1939) aliwasimamisha paka kwa miguu miwili, akawapa vikombe vya chai na miwani. Baadaye Mswisi Eugen Hartung aliwavika paka nguo kwenye postikadi zilizouzwa na kampuni ya Alfred Mainzer ya New York, na pembeni mwa picha ya darasa au jiko hakikosekani kitu kinachoanguka. Kwa hao wawili mwili ni wa mtu. Cha paka ni kichwa na mkia tu.

Mtindo wa Tingatinga, ule wa picha za vibandani, haukuhitaji fundi cherehani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972, na jamaa na wanafunzi wake wakaueneza mtindo. Rangi hiyo ina masharti yake: ukipaka juu ya nyingine ambayo haijakauka, zote zinachafuka. Basi usuli hupakwa kwanza ukaachwa, kisha mnyama mzima kwa rangi moja, akaachwa naye, halafu ndio madoa, mistari na, mwisho kabisa, macho.

Hapo kwenye macho ndipo penye siri. Mwili huchorwa ubavu, lakini uso hugeuzwa ukutazame: duara mbili nyeupe, mboni nyeusi ndani. Mboni ikisogezwa pembeni kidogo tu, chui anakuwa jirani aliyenasa umbea. Hana kofia wala suruali, na bado unamjua.

Studio ya Homeboyz ya Nairobi walipotengeneza katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kurushwa na CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, mwaka 2010, waliubakiza ubapa wa michoro hiyo na madoa yake, wakamwachia mhusika Red Monkey usimulizi.

Picha ya gari kwa maoni yangu ni dhaifu. Mzaha umewekwa kwenye viti, si kwenye wanyama. Tembo na simba wana macho yale yale, kama yaliyopigwa muhuri. Nashangaa pia kwa nini mbega, anayevuka barabara hiyo hiyo kwa ngazi za kamba juu ya magari, haonekani sana vibandani. Ni mweusi mwenye manyoya meupe mashavuni na mabegani. Rangi mbili zinamtosha, na uzee wa usoni kazaliwa nao.

Ukienda kununua, liache gari kwanza, kagua mboni. Zikiwa zimekaa katikati kwa kila mnyama, hiyo ni kazi ya haraka, omba upunguziwe bei.