Ngoma ya Rumanyika na Punda wa Dobi

Vitabu vya shule aghalabu hufundisha kwamba hurafa ni hadithi ambayo wahusika wake ni wanyama. Kanuni hiyo ni nyepesi kukariri, lakini haimfikishi msomaji mbali. Wanyama husema pia katika hadithi za usuli, kama zile zielezazo kwa nini gamba la kobe lina nyufa, na hizo zikishataja sababu zimemaliza kazi yake. Hurafa haina budi kujulikana kwa kazi yake, si kwa manyoya ya wahusika wake.

Karagwe, ambayo sehemu yake ya kaskazini imekuwa wilaya ya Kyerwa tangu mwaka 2012, ina kisa kifaacho kupimia jambo hili. Speke na Grant walifika huko mwaka 1861, wakakaribishwa na Mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake cha 1863 Speke aliandika namna ufalme ulivyorithiwa. Baba yao alipokufa, ndugu watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya ila imetiwa dawa. Rogero na Nnanaji hawakuweza kuiondoa mahali pake. Rumanyika akaiinua kwa kidole.

Kwa umbo, kisa hiki chafanana sana na hurafa: ndugu watatu, jaribio moja, mshindi mmoja. Hata fundisho lipo kwa alitakaye. Lakini kisa chadai kusadikiwa. Rumanyika hakuwa mfano wa mtu. Alikuwa Rumanyika, na Rogero alikuwa akimshindania kiti hicho hicho. Akanaye kwamba ngoma iliinuliwa amekana haki ya mfalme. Basi hicho ni kisakale, tena cha siasa.

Itazamwe sasa hadithi ya kima, papa na punda wa dobi, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa Unguja. Kima, akiisha kuponyoka kwa papa aliyetaka moyo wake, aitwa ashuke tena mtini. Hajibu kwa hoja. Asimulia habari za punda aliyemkimbia simba, akarudi kwa kushawishiwa na sungura, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, kisha akadai kwamba punda huyo hakuwa navyo, ama sivyo asingalirudi. Hapa hakuna aulizwaye kama sungura alisema kweli. Papa aweza kukanusha kila neno na bado ameshindwa, maana hukumu yamwangukia yeye aliye nje ya hadithi.

Kwa hiyo mwanafunzi akusanyaye masimulizi ya Wanyambo, akiandika maneno bila kuandika ni nani aliyeambiwa na kwa ugomvi gani, ameacha nyuma nusu ya hurafa. Jina la kisa laweza hata kubadilika. Utawala wa machifu Tanganyika ulifutwa mwaka 1963. Mzee wa leo akiwasimulia wanawe wagombeao shamba la migomba habari za ngoma ya Rumanyika, hamtetei mfalme yeyote. Awatazama wanawe, na kila mmoja wao ajua ni nani aliyeshindwa kuinyanyua.