Matufe ya Kauri ya Nereus

Wale waliofuatilia mbizi za chombo Nereus tangu kilipogusa sakafu ya Challenger Deep, mita 10,902 chini ya uso wa Pasifiki, mwezi wa Mei 2009, hawana haja ya kuhadithiwa yaliyotukia tarehe 10 Mei 2014 katika lindi la Kermadec, kaskazini-mashariki ya New Zealand, pale mawasiliano yalipokatika ghafula kwenye kina cha mita 9,900, na hatimaye vipande vikaibuka juu ya maji. Taasisi ya Woods Hole, iliyokiunda, ilisema kuwa yamkini sehemu ya chombo ilipondeka kwa mkandamizo wa maji. Nami nashikilia kuwa taksiri haikuwa ya bahari, bali ya shauri lililokatwa mezani miaka mingi kabla.

Shauri lenyewe ni hili: ili chombo kielee, maboya yalitakiwa, na waundaji, badala ya povu gumu la resini, wakachagua matufe ya kauri yaliyo matupu ndani, yasiyofika sentimita 10 kwa upana, zaidi ya 1,000 kwa jumla, yakapangwa ubavu kwa ubavu. Sibishi kwamba kauri hustahimili kubanwa kuliko chuma, wala kwamba wepesi wake ulikiwezesha chombo kuchukuliwa na merikebu ya kawaida. Lakini tufe tupu lililo chini ya mzigo wa zaidi ya kilo 1,000 kwa kila sentimita ya mraba, likipata ufa, halivunjiki peke yake: maji huingia kwa kishindo, wimbi la mshindo likampiga jirani aliyekwisha elemewa na mzigo ule ule, naye akampiga wa pili, mithili ya moto ulioshika paa moja la makuti wakati wa kaskazi. Kulipima tufe moja moja, hata kwa mkandamizo ulio mkubwa maradufu, hakujibu suala hilo, maana suala si nguvu ya tufe, bali ni ujirani wake.

Wala mtu asiniambie kuwa jambo hili halikujulikana. Tarehe 12 Novemba 2001, katika tangi la maji la kituo cha utafiti cha Super-Kamiokande nchini Japani, ambalo kina chake hakizidi mita 42, taa moja ya kioo ya kunasia nuru ilipondeka, na kwa sekunde chache zikafuata nyingine zaidi ya 6,000. Wajapani wakayavika mataa yaliyosalia magamba ya akriliki, na dunia nzima ya wahandisi ikasoma habari hiyo, zaidi ya miaka saba kabla ya Nereus kwenda Challenger Deep.

Aghalabu nimelisema hili, nami nalirudia bila haya: zama hizi zimeufanya wepesi kuwa fadhila. Jacques Piccard na Don Walsh, waliposhuka Challenger Deep na chombo Trieste tarehe 23 Januari 1960, walielea kwa petroli, na petroli haina utupu wa kupondwa. Dirisha moja liliingia ufa njiani, nao wakafika chini na kurudi salama. Mzigo wao wa vyuma ulishikwa kwa sumaku za umeme, hivyo kwamba umeme ukizimika vyuma huanguka na chombo hupanda chenyewe. Huo ndio uhandisi wenye hadhari. Hata Kaiko, chombo cha Wajapani kilichofika mita 10,911 mwezi wa Machi 1995, kilipotea Mei 2003 kwa kukatika kamba tu, maboya yake yakiwa hayana lawama.

Sikilaumu chombo cha Nereus chote: uzi mwembamba wa kioo uliopeleka picha za Nereus, pamoja na betri zilizokiondolea haja ya kamba nzito, ulikuwa kazi njema; kosa lilikuwa la maboya.

Povu la resini, lenye vipovu vya kioo visivyoonekana kwa jicho, kila kimoja kikishikwa na utomvu ulioganda, lingekiongezea chombo uzito na kudai winchi kubwa zaidi. Na gharama hiyo ilipasa kulipwa. Badala yake dola milioni 8 zilikwenda chini siku ya 30 ya safari iliyopangiwa siku 40, lindi la Kermadec likiwa halijapimwa kama ilivyokusudiwa, wala Nereus wa pili hakuundwa.