Miligramu 5 kwa Bibi wa Miaka 84

Ganzi ilichomwa vizuri: L3/4, mchomo mmoja, bupivakaini nzito mililita 2. Hapo sina neno.

Neno langu ni la dakika ya 12. Mliokuwepo mliona. Bibi wa miaka 84, nyonga imevunjika, ganzi imeshika barabara, akaanza kutikisa kichwa na kuvutavuta shuka. Mwenzetu akasema, "Anahangaika," akavunja ampuli ya midazolamu na kuisukuma yote, miligramu 5, kwa mkupuo. Ni kosa, na umri wa mgonjwa unalikuza. Aliyevuka miaka 60 huanzishwa kwa miligramu 1 hadi 1.5, taratibu, kwa dakika 2 au zaidi. Kisha unasubiri, maana mzunguko wa damu ya mzee huifikisha dawa kwa kuchelewa. Tena ganzi ya mgongo yenyewe husinziza: ubongo usiopata habari za miguuni hulegea.

Rudini kwenye karatasi ya ganzi, mstari ulio juu ya midazolamu. Presha 82/44, nusu ya ile aliyoingia nayo! Ile haikuwa hofu. Ubongo ulikuwa unakosa damu. Bibi alihitaji efedrini, akapewa usingizi.

Ulimi ukarudi nyuma, pumzi 6 kwa dakika, oksimita ikisoma 98 kwa sababu ya barakoa ya oksijeni. Nimelisema humu mara nyingi na leo narudia: oksimita haihesabu pumzi. Tazameni kifua.

Mzee aliyenifundisha kazi hii hakuwa na oksimita. Aliketi kichwani pa mgonjwa, mkono begani, akauliza: "Mama, ni baridi au ni bega?" Mara nyingi lilikuwa bega lililolaliwa. Likawekewa mto, mama akatulia. Sijamwona wa kumfikia.

Nyonga imeungwa, lakini kwa siku 2 bibi aliweweseka, akimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Sidai ni dawa pekee. Mvunjiko wa nyonga nao huwavuruga wazee. Sieber na wenzake mwaka 2010 walikuta waliosinzishwa kidogo wakiweweseka kwa asilimia 19, waliozamishwa asilimia 40. Mwaka 2018, kwa wagonjwa 200, tofauti hiyo haikujitokeza kwa jumla. Mjadala huo uendelee. Suala la pumzi 6 halina mjadala.

Mzee wako wa kesho akihangaika mezani, pima presha kwanza, kisha muulize.