Mstari wa "Bado"

Piga k, i, s, h, a kwenye kompyuta ya Mjapani. Sisi tungesoma "kisha" na kuendelea na hadithi. Yeye hajaandika kitu. Herufi k inatokea kwa alfabeti yetu. Ikifuatwa na i, zote mbili zinageuka silabi moja ya Kijapani, na chini yake unachorwa mstari mwembamba. Akibonyeza kitufe cha nafasi, silabi zinageuka kanji, herufi zenye asili ya Kichina, na hapo kuna kuchagua: kisha ni mwandishi wa habari, ni garimoshi, ni kampuni yenu kwa lugha ya heshima, ni kurudi ofisini. Wajapani wana sentensi ya mchezo inayozibeba zote nne. Sisi wenye kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako tunaandika tu kaa, msomaji ajichagulie.

Turudi kwenye mstari, maana ndio kiini cha jambo. Hausemi kwamba neno limekosewa, kama ule mwekundu wa tahajia. Unasema halijaandikwa. Kiswahili hutenga "hakuandika" na "hajaandika" kwa silabi moja tu, ja. Hapa ja hiyo imechorwa chini ya neno. Mstari ukiwapo, Enter haina maana ya "tuma". Maana yake ni "naam, neno ni hili".

Programu ya gumzo isiyousoma mstari husikia Enter na kutuma, na nusu sentensi inamfikia bosi. Dawa inajulikana: kanuni za W3C, shirika la viwango vya wavuti, zinalipatia kila tukio la kibodi alama ya isComposing, yaani "bado anatunga". Ila mpangilio wa matukio nao una lugha yake. Kivinjari cha Safari, kwa miaka mingi, kilitangaza kwanza kwamba utungaji umekwisha, ndipo kikaileta Enter ile ile iliyoumaliza; alama ikajibu "hapana, hatungi". Ikabaki namba 229, msimbo wa zamani usio wa kitufe chochote, unaoarifu kwamba kitufe kimeshachukuliwa na programu ya kugeuza herufi. Waandishi wa programu wanaambiwa wauache, umepitwa na wakati. Kwa jicho langu, ndio pekee uliousoma mstari vizuri.

Watumiaji wengine wamechoka kugombana na Enter. Wanatunga ujumbe pembeni, wanaunakili, wanaubandika, ndipo wanaibonyeza.