Hakusikika si hayupo: lawama yangu kwa sauti ya kivinjari kwenye Linux

Tuko Lushoto, jioni, watatu mezani. Kesho alfajiri tunapanda msitu wa Magamba kusikiliza ndege. Kabla ya kupanda inabidi uzizoee sauti zao, kwa hiyo tukafungua xeno-canto, hifadhi ya sauti za ndege iliyoanza mtandaoni mwaka 2005. Tuliyemtaka zaidi ni Sheppardia montana, ndege mdogo wa vichakani anayeishi Usambara Magharibi tu, kwingine kokote duniani hayupo. Mashine yetu ni kompyuta mpakato kuukuu yenye Linux nyepesi. Tukabonyeza. Mstari unatembea, sekunde zinahesabu, picha ya mawimbi inapita. Sauti hamna.

Tukapandisha sauti mpaka mwisho. Tukazima, tukawasha. Tukajaribu video, bando likaliwa. Baada ya saa mbili ndo tukagundua: siku iliyotangulia mtu alichomeka projekta kwa waya wa HDMI, na mfumo ukaendelea kupeleka sauti huko huko, ingawa projekta ilishaondoka. Kurekebisha kulichukua nusu dakika.

Lawama yangu si kwamba sauti iligoma. Vifaa hugoma. Lawama yangu ni kwamba kwa saa mbili zote hizo hakuna kitu kwenye kioo kilichotuambia lolote.

Tuelewane kwanza sauti inapita wapi. Ukurasa unampa kivinjari faili. Kivinjari kinalifungua na kulibadilisha kuwa namba zinazowakilisha mawimbi. Namba zinakwenda kwa seva ya sauti, yaani PulseAudio au siku hizi PipeWire, ambayo kazi yake ni kuchanganya sauti za programu zote na kuchagua zitokee wapi. Kutoka hapo zinaingia ALSA, sehemu ya kiini cha Linux inayozungumza na kadi ya sauti. Mwisho kabisa ndo spika.

Wakulima wa mboga wa Lushoto wanaujua mchezo huu. Maji yasipofika shamba la chini, hukai ukilaumu udongo. Unapanda kufuata mfereji mpaka uone palipozibwa. Tofauti ni kwamba mfereji unauona kwa macho. Kwenye mashine yetu kila ngazi ilikuwa inajibu "kwangu shwari", na kwa upande wake ilikuwa inasema kweli: kivinjari kilituma, seva ikapokea, HDMI ikapelekewa. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kuuliza kama binadamu amesikia.

Ukimya huu una historia, na kuna uamuzi mmoja unaostahili kujadiliwa kwa haki. Machi 2017 lilitoka toleo la 52 la Firefox. Kuanzia hapo, Firefox rasmi ya Linux ilihitaji PulseAudio ili itoe sauti. Aliyekuwa akitumia ALSA peke yake, jambo la kawaida kwenye mashine dogo na kuukuu, alisasisha kivinjari na sauti ikakatika. Wajenzi walikuwa na sababu nzuri tu: kutunza njia mbili za sauti ni kazi mara mbili, na njia ya ALSA ilikuwa imebaki nyuma. Msimbo wake haukufutwa, kwa hiyo msambazaji aliyetaka aliweza kuuwasha anapojenga programu. Tena Firefox ilikuja kuonyesha ujumbe kwamba huenda ukahitaji kusakinisha PulseAudio. Hilo nalisifu, maana ujumbe wa aina hiyo ndo tuliokosa sisi.

Ninapogoma ni kwenye hoja ya idadi. Katika mjadala ule zilitajwa takwimu za matumizi, zile zinazotumwa na vivinjari vyenyewe, kuonyesha kwamba watu wa ALSA ni wachache. Wakosoaji wakajibu: mtu anayechagua mfumo mwepesi kiasi hicho ndiye huyo huyo anayezima utumaji wa takwimu, na baadhi ya wasambazaji huuzima wao kabla hata hajaigusa mashine. Nami naongeza: anayenunua bando la siku ana sababu yake ya kuuzima.

Mtu wa ndege anaijua hatari hii. Ukienda Magamba saa tano asubuhi kwenye ukungu, usisikie kitu, huandiki kwamba ndege hayupo. Unaandika hakusikika. Kisha unajiuliza: nilikwenda saa inayofaa? Nilikaa muda wa kutosha? Kuna ndege waimbaji na kuna wanyamavu, na ukihesabu kwa masikio tu, wanyamavu wote utawatoa sifuri. Takwimu za vivinjari nazo ni sikio. Asiyetuma hasikiki, lakini yupo, na sauti yake imekatwa.

Je, ingewezekana vingine? Tazama PipeWire. Aprili 2021 Fedora 34 iliifanya kuwa njia ya kawaida ya sauti badala ya PulseAudio. Haya yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yale ya 2017, lakini wajenzi wake waliifundisha PipeWire kuzungumza lugha ya PulseAudio, kwa hiyo vivinjari havikulazimika kubadilika. Mwenyeji mpya alijifunza lugha ya wenyeji, hakuwadai wajifunze yake. Mabadiliko ya kiungwana ndo hayo.

Lakini hata PipeWire haijamaliza tatizo la ukimya. Kwa hiyo shika hii. Acha ukurasa ukicheza, fungua programu inayoitwa pavucontrol, tazama orodha ya zinazocheza. Kivinjari chako kikiwemo na mstari wake ukirukaruka, kivinjari hakina kosa, shuka chini: angalia sauti inatokea wapi, HDMI au spika. Kisipokuwemo, panda juu: huenda ukurasa umenyamazishwa, au seva ya sauti haijawaka. Andika pactl info kwenye dirisha la amri; ikikataa kuunganishwa, umeshaona paliposimama maji. Amri ya aplay -l nayo itakuorodheshea kadi ambazo kiini kinaziona.

Habari zote hizo mashine inazo tayari. Ujumbe mmoja mfupi, "sauti inakwenda HDMI", ungetuokolea saa mbili na bando zima. Kuutaka si anasa.

Alfajiri tulipanda. Ukungu ulikuwa mzito na kituo cha kwanza kilikuwa kimya kabisa. Kwenye daftari tukaandika: hakusikika.