Chupa ya Fanta nayo ina nafasi katika fasihi

Juzi niliingia katika mkahawa mmoja mjini Kakamega nikaagiza Fanta. Kijana akaniletea ya plastiki. Nikamwomba ya kioo. "Za kioo zimeisha, Mzee," akanijibu, akinitazama kana kwamba nimeagiza taa ya koroboi. Nilicheka, ila moyoni nilikumbuka deni.

Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi wangu wa uzamili alitaka kuandika tasnifu kuhusu nyimbo za gita za Waluhya. Nilimkatalia. Nikamwambia, "Hebu nenda utafute utenzi au riwaya. Hicho Kiswahili cha bara kina makosa tele." Akatii. Leo nakiri hadharani kwamba aliyekosea ni mimi.

Chukua mfano wa George Mukabi, mtu wa Kisa, aliyefariki mwaka wa 1963. Alivuma kwa mtindo wa omutibo. Gita hubeba besi na sauti ya juu kwa pamoja, huku mwenzake mpigaji akikwaruza chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Chupa ya kioo ya enzi hizo ilikuwa na matuta ubavuni, ndiposa ikalia vizuri.

Sisi wahakiki aghalabu hudai kwamba bidhaa za kigeni ziliua utamaduni wetu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini nusu tu. Fanta ilibuniwa Ujerumani mwaka wa 1940, wakati wa vita. Gita nalo lilikuja na askari na vibarua waliorejea nyumbani. Vitu hivyo vilipofika vijijini vilikuta watu waliolelewa kwa mdundo wa isukuti, wakavitia katika mdundo huo. Mtu alinunua soda, akainywa, kisha akabaki na ala mkononi. Jamani, huo ni ulaji tu? Kwangu mimi ni utunzi.

Lugha nayo ilipitia njia iyo hiyo. Mukabi aliimba "Sengula Nakupenda" kwa Kiswahili. Santuri ni bidhaa, na bidhaa hutafuta soko pana kuliko Kisa. Waama, Kiswahili kile hakikufuata kamusi, lakini wasikilizaji walikielewa, wakakipenda na wakatoa pesa zao. Mhakiki anayehesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi pekee, kama nilivyofanya, hajaanza kuhakiki.

Mwaka wa 2014, UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Heko! Je, wapiga chupa nao wataandikwa na nani? Waliokuwa vijana enzi za Mukabi sasa ni wakongwe, na kila mwaka tunazika wengine.

Kwa hivyo, wewe mwanafunzi wangu wa zamani, popote ulipo, mada yako ilikuwa nzuri. Nanyi mlio vyuoni leo, beba simu yako uende Kisa, Butere au Khwisero ukawarekodi wazee hao. Ukikosa msimamizi, nitafute.